Tom Mboya: Kijana wa shamba la mkonge aliyejuana na dunia

Uko kwa matatu, simu mkononi. LinkedIn inakuambia umeunganishwa na watu zaidi ya 500. Kwa WhatsApp uko kwenye makundi kumi ya kutangaza kazi, na kila asubuhi unaamkia matangazo yale yale. Lakini nikikuuliza ni nani kati ya hao wote unaweza kumpigia simu saa hii akakushika mkono, unaanza kukuna kichwa. Halafu unasema kile sisi sote husema: Kenya hii, kama hujui mtu, utazeeka ukisaga lami.

Sitabishana nawe. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na najua vile inauma kuzunguka na bahasha isiyo na cheti wala jina la mtu wa kukutambulisha. Kwa muda mrefu niliamini kujuana ni mali ya watoto wa wenye nacho. Ukizaliwa nje ya hiyo laini, pole.

Kisha nikaanza kusoma maisha ya huyu mtu ambaye pengine unapita mbele ya sanamu yake kila siku, pale Moi Avenue katikati ya Nairobi, ukikimbilia stage. Alitoka shuleni kwa kukosa karo. Babake hakuwa na jina kubwa. Lakini kabla ya kufika miaka 30, alikuwa ameketi na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Uingereza na Marekani, ameongoza mkutano wa Afrika nzima, na picha yake ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time. Anaitwa Thomas Joseph Odhiambo Mboya. Keti vizuri nikusimulie alivyojuana na watu, na alichofanya na kujuana huko.

Mtoto wa nyapara

Alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo, karibu na Thika, ndani ya shamba la mkonge la Mzungu. Babake, Leonardus Ndiege, alikuwa nyapara shambani humo. Mamake aliitwa Marcella Onyango. Nyumbani kwao hasa ni Kisiwa cha Rusinga, kule Ziwa Victoria, lakini kazi ndiyo iliwaleta upande huu, kama vile kazi inavyomleta mzazi wa mtu yeyote mtaani kwenu.

Shamba la mkonge lilikuwa kama mtaa. Wafanyakazi walitoka kila pembe. Kwa hivyo Tom alikua akiongea Kikamba, Kikuyu na Kiswahili juu ya Kijaluo cha nyumbani. Weka hiyo akilini, kwa sababu ndiyo netiweki yake ya kwanza. Kabla hajajua Kiingereza cha kuongea na wakubwa, alishajua kumsalimia jirani kwa lugha ya jirani. Baadaye alipokuja kugombea kura Nairobi, mji wa makabila yote, hakuwa mgeni wa mtu.

Alisoma shule ya misheni ya Kabaa, Ukambani, kisha St Mary's Yala huko Nyanza, halafu mwaka wa 1946 akaingia Mang'u. Alikuwa na kichwa. Lakini hesabu ya nyumbani ilikuwa ile unayoijua: mshahara mmoja wa nyapara, watoto wengi, na wadogo zake nao walihitaji kuingia darasani. Masomo yake ya sekondari yakakatika hapo.

Sasa hapa ndipo wengi wetu huketi na kulia. Naelewa, hata mimi nilikaa. Tom alitafuta mlango ambao hauhitaji karo ya babake. Mwaka wa 1948 akajiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya, Jeanes School, Kabete. Haikuwa ndoto ya mtu. Ni kazi ya kukagua maziwa, vyoo na nyama. Lakini wanafunzi wenzake walimchagua kuwaongoza, na hapo akaonja kitu: watu wakikuamini na shida zao, unakuwa na nguvu ambayo hakuna cheti kinaweza kukupa.

Mwanamke aliyeuliza kama kuna mtu

Mwaka wa 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Wazungu waliofanya kazi ile ile walilipwa mara kadhaa ya mshahara wake. Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe baadaye katika kitabu chake. Siku moja alikuwa peke yake ofisini, akipima maziwa. Mwanamke wa Kizungu akaingia na chupa ya kupimwa. Tom akamwamkia kwa heshima. Yule mama akaangaza macho chumba kizima, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote mle ndani. Kwa macho yake, Mwafrika aliyesimama mbele yake hakuwa mtu. Tom alimjibu kwamba pengine macho yake ndiyo yana shida, na mama akaondoka kwa hasira kwenda kulalamika.

Ungefanya nini? Leo tungerekodi, tukaweka TikTok, ikasambaa siku mbili, ikaisha. Mboya hakuishia kwenye hasira. Aliingia katika chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza lile, akawa mmoja wa viongozi wake, kisha katibu. Ukatibu ni kazi isiyo na sifa: kuandika kumbukumbu za mikutano, kupokea malalamishi, kujibu barua, kukumbuka nani alifutwa na kwa nini. Lakini katibu ndiye anayejua majina ya watu wote. Chini yake kile chama cha kunung'unika kikageuzwa kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa.

Ona alipoanzia. Hakuanza na gavana wala tajiri. Alianza na mwenzake wa meza ya pili. Sisi tunamtumia ujumbe mkurugenzi wa kampuni ambaye hatujawahi kuonana naye, na hatujui jina la yule anayeketi kando yetu kazini au darasani. Yule wa kando ndiye miaka kumi ijayo atakuwa ofisini ambako utataka kuingia.

Wakati wengine walijificha

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta na viongozi wengine wa chama cha KAU wakakamatwa. Watu wakaanza kukana hata kuwahi kuhudhuria mkutano. Wakati huo huo Mboya akajiunga na KAU, na akawa kaimu mweka hazina, mpaka chama kilipopigwa marufuku Juni 1953.

Vyama vya siasa vya Waafrika vikawa vimezimwa. Kilichobaki ni vyama vya wafanyakazi. Mwaka huo wa 1953 Mboya, akiwa na umri wa miaka 23, alishika ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo, lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour. Aliacha kazi ya baraza la jiji akaingia huko mzima mzima.

Aprili 1954 Waingereza wakafanya msako mkubwa Nairobi, ule wa Operation Anvil. Maelfu kwa maelfu ya watu walizolewa na kupelekwa kambini, wakiwemo viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Shirikisho lingeweza kufa wiki ile ile. Halikufa, na sababu moja ni kwamba halikuwa peke yake. Lilikuwa limejiunga na shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi lililokuwa na makao yake Brussels, ambalo lilimtuma Mkanada mmoja, Jim Bury, kuja Nairobi kusaidia. Mboya na Bury walifanya kazi bega kwa bega. Kila mfanyakazi aliponyanyaswa, habari zilitoka Nairobi kwenda Brussels na London kwa barua.

Hapo ndipo utaona thamani ya kuandika. Hakukuwa na emaili. Barua ilipanda ndege, ukasubiri siku kadhaa ijibiwe. Lakini Mboya aliandika, na aliandika vitu vyenye uzito: idadi, majina, mishahara, kilichotokea. Aliyepokea barua yake alikuwa na kitu cha kushika mkononi akisimama mbele ya wabunge wa Uingereza. Linganisha na zile jumbe zetu za kuomba koneksheni kisha tunanyamaza. Anayepokea atafanyia nini ujumbe kama huo?

Mwaka wa 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Mji ukasimama. Mboya akashuka Mombasa, akakaa katikati ya wafanyakazi wenye hasira na waajiri wenye hofu, na mwisho wake wafanyakazi wakapata nyongeza ya mshahara. Kuanzia hapo hata wasiompenda walijua kwamba akisema jambo litafanyika, hufanyika. Hiyo ndiyo CV iliyomtangulia kila alikoenda.

Oxford, halafu Marekani

Mwishoni mwa 1955 alipata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, chuo kilichofunguliwa kwa ajili ya watu wa tabaka la wafanyakazi. Aliyekosa karo ya kuendelea na sekondari sasa yuko Oxford. Waliomlipia njia ni wale wale wanachama wa vyama vya wafanyakazi ambao alikuwa ameshirikiana nao.

Akiwa huko, mwaka wa 1956, serikali ya Kenya ilitishia kulifunga shirikisho lake. Basi katibu mkuu wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, Sir Vincent Tewson, akapanda ndege hadi Nairobi kuzungumza na wakubwa, na shirikisho likaendelea kuishi. Fikiria hilo kidogo. Urafiki uliojengwa vizuri ulifanya kazi hata wakati mwenyewe hayupo chumbani.

Mwaka huo huo, akitoka Oxford, alizuru Marekani kwa mara ya kwanza. Aliyemwalika ni kamati ya Wamarekani waliounga mkono uhuru wa Afrika, iliyoongozwa na George Houser. Alikutana na vigogo wa vyama vya wafanyakazi: George Meany, Walter Reuther, na A. Philip Randolph, Mmarekani mweusi aliyewapigania wahudumu wa treni. Alizungumza vyuoni, makanisani na katika kumbi za wafanyakazi. Muungano wa wafanyakazi wa Marekani, AFL-CIO, ukatoa dola 35,000 za kujenga makao ya shirikisho Nairobi. Ukienda Digo Road leo utalikuta jengo lile, Solidarity Building, na COTU wako humo.

Katika safari hiyo pia alikutana na mfanyabiashara wa vipuri vya ndege aliyeitwa William Scheinman. Hawakukutana kama tajiri na mwombaji. Wakawa marafiki hasa, wakiandikiana barua mwaka baada ya mwaka. Scheinman akaanza kutoa pesa zake mwenyewe kuwalipia vijana wachache wa Kenya nauli ya kwenda kusoma Marekani. Kutoka kwa wale wachache ndipo lilipotokea jambo kubwa.

Viti vya ndege

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wawakilishi wao kwa Legco kwa mara ya kwanza, wanane nchi nzima. Mboya akachukua kiti cha Nairobi, akimshinda wakili Argwings-Kodhek. Desemba 1958 akaenda Accra kwenye mkutano wa watu wa Afrika nzima, nyumbani kwa Kwame Nkrumah, na wajumbe wakamchagua mwenyekiti akiwa na miaka 28.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinamnyima usingizi. Uhuru unakuja, na nani ataendesha nchi? Nafasi za chuo kikuu kwa Waafrika zilikuwa kidogo sana. Makerere ilichukua wachache. Serikali ya kikoloni iliwapeleka Uingereza wengine wachache. Vijana waliofaulu mitihani walikuwa wanabaki makarani, wakizeeka mezani.

Kule Marekani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Vyuo vingi vilikuwa tayari kutoa ufadhili wa masomo. Wakenya walikuwa wanaandika barua na kukubaliwa. Shida ni kwamba kijana wa Murang'a au Kisii aliye na barua ya kukubaliwa hangeweza kununua tiketi ya ndege. Yaani mlango umefunguliwa, lakini kuna bahari katikati.

Aprili 1959 Mboya alirudi Marekani kwa ziara ya wiki tano. Akahutubia mara nyingi ajabu, mji baada ya mji, chuo baada ya chuo. Atlanta, Martin Luther King na wenzake walimwandalia chakula cha jioni cha heshima. Kila mahali ombi lilikuwa moja, na lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu wa kawaida angeweza kulibeba: nipeni nafasi za masomo na nauli za wanafunzi. Hakusema tu saidieni Afrika. Alisema kitu chenye bei na tarehe.

Scheinman na wenzake wakaunda taasisi ya kukusanya nauli, African American Students Foundation. Barua ya kuchangisha pesa ikatiwa saini na watu watatu ambao kila nyumba ya Wamarekani weusi iliwajua: Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Maelfu ya watu wakatuma pesa, wengine dola chache tu. Badala ya kununua tiketi moja moja, wakakodi ndege nzima. Septemba 1959 wanafunzi 81 wakapaa kutoka Nairobi hadi New York.

Na usidhani huku nyumbani watu walikunja mikono. Familia ziliuza mifugo, vijiji vikafanya michango na karamu za chai ili kijana asiondoke bila pesa za matumizi. Mboya pia hakufanya peke yake. Dkt Julius Gikonyo Kiano, aliyekuwa amesoma Marekani, na Kariuki Njiiri walikuwa naye katika kupitia maombi na kupanga wanaosafiri.

Mwaka uliofuata habari zikawa zimesambaa, na waliokubaliwa vyuoni wakawa mamia. Nauli ikawa kubwa kupita uwezo wa michango. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani ikaombwa msaada, ikakataa. Jackie Robinson, aliyekuwa akimuunga mkono Richard Nixon katika kampeni za urais, akajaribu kupitia kwake. Mboya naye, Julai 1960, akaenda hadi Hyannis Port, nyumbani kwa Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa mgombea wa upande wa pili. Wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Hapo ghafla ile wizara iliyokataa ikagundua kuwa nayo inaweza kutoa pesa. Siasa ni siasa. Lakini ndege zikapaa.

Kufikia 1963 vijana karibu 800 kutoka Kenya na nchi jirani walikuwa wamepitia mpango huo. Katika kundi la 1960 kulikuwa na msichana wa Nyeri aliyeelekea chuo cha watawa huko Kansas. Jina lake lilikuja kuwa Wangari Maathai, na mwaka wa 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Wengine walirudi wakawa wahadhiri, maafisa wa serikali na wataalamu wa kila aina, nchi changa ilipowahitaji.

Sasa niambie. Mtu aliyekaa na Kennedy angeweza kuomba nini kwa ajili yake binafsi? Chochote. Ana miaka 29, ana mkono wa matajiri, ana namba za simu ambazo hata gavana wa Kenya hana. Alizitumia kuomba viti vya ndege vya watoto wa watu wengine. Na hiyo ndiyo sababu, kwa maoni yangu, milango yake haikuchoka kufunguka. Anayekuombea wengine unaweza kumpokea simu mara kumi. Anayejiombea mwenyewe, mara ya tatu unaiacha ilie.

Gharama yake

Nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa, kujuana na wakubwa kulimletea Mboya maadui. Walisema ni kibaraka wa Wamarekani. Nkrumah na yeye walitofautiana, kwa sababu Accra ilitaka vyama vya Afrika vijitoe katika lile shirikisho la Brussels na Mboya hakukubali. Jaramogi Oginga Odinga naye alikuwa na marafiki upande wa pili wa dunia, na alipeleka vijana wake kusoma nchi za kikomunisti. Watu wawili kutoka Nyanza, kila mmoja na ndege zake, kila mmoja akimshuku mwenzake.

Mboya hakuwa malaika. Wengi walimwona mwenye majivuno, mtu anayejua kuwa ana akili na haoni haja ya kuficha. Mwaka wa 1960 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa KANU, na ujuzi ule ule wa kupanga watu ndio uliotumika kumsukuma Odinga kando katika mkutano wa Limuru mwaka wa 1966. Chombo ni kile kile. Kinaweza kujenga na kinaweza kubomoa, inategemea siku na mkono.

Bado aliendelea kuleta watu mezani. Akiwa Waziri wa Leba, mwaka wa 1962, waajiri, vyama vya wafanyakazi na serikali walikubaliana mkataba wa namna ya kutatua migogoro ya kazi. Mwaka huo huo alimwoa Pamela Odede, aliyekuwa miongoni mwa wanafunzi wa ile ndege ya 1959. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Haki na Katiba, kisha wa Mipango ya Uchumi.

Jumamosi, Julai 5, 1969, mchana, alipitia duka la dawa la Chhani, Government Road, barabara tunayoiita Moi Avenue. Alipotoka mlangoni alipigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa, lakini maswali ya nani alikuwa nyuma yake Wakenya wanauliza mpaka leo. Nchi ililia, ikapasuka kwa hasira. Mboya akazikwa Rusinga, nyumbani kwa wazee wake.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Mtu aliyejua dunia nzima, na siku hiyo hakuna hata mmoja wa wale wakubwa aliyeweza kumkinga. Nikajiuliza, basi kujuana kulimfaa nini?

Kilichobaki

Jibu lilinijia polepole. Kile alichojikusanyia, cheo na jina, kiliisha pale mlangoni. Kile alichopitisha kwa wengine hakikuweza kupigwa risasi. Wangari alirudi akapanda miti. Wengine wakafundisha waliotufundishia wazazi. Solidarity Building bado iko Digo Road, na mfanyakazi anayedhulumiwa leo anaweza kupanda ngazi zake.

Kwa hivyo kesho ukifungua LinkedIn, sikuambii ufute wale 500. Wachukue kama Mboya alivyochukua barua zake. Chagua watano. Mwandikie kila mmoja kitu chenye uzito: nimefanya hiki, nimekwama hapa, nahitaji hiki kimoja. Ukijibiwa, rudi umwambie ilivyoishia, hata kama haikufaulu. Ukialikwa kwa hafla, usizunguke ukigawa kadi kama mtu wa kampeni. Kaa na mtu mmoja uelewe anafanya nini, na kama kuna pahali unaweza kumfaa, mfae kwanza. Kama kuna kikundi chenu cha mtaani kinachotafuta katibu na kila mtu anaikwepa hiyo kazi, ichukue wewe.

Na kuna yule kijana. Si unamjua? Yule aliyekutumia ujumbe wiki iliyopita akiuliza kama mnaajiri kazini kwenu, au kama unajua mahali pa kufanya atachimenti. Ulisoma, zile alama mbili za buluu zikaonekana, ukanyamaza, kwa sababu nawe ulifikiri huna kitu cha kumpa. Una kitu. Una jina la mtu mmoja anayeweza kumsikiliza, hata kama ni bawabu anayejua meneja huingia saa ngapi.

Mimi nilishikwa mkono hivyo. Jina moja tu, lililoandikwa nyuma ya risiti na mtu aliyekuwa akijitafutia kama mimi. Ndiyo maana unanisoma hapa.

Ukipita Moi Avenue leo jioni, simama kidogo mbele ya ile sanamu. Kisha mjibu yule kijana.